Mji Mdogo, Kundi Dogo: Heri, Utani na Pembe katika Wanawake wa Heri wa Winsa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza Wanawake wa Heri wa Winsa, tafsiri ya Kiswahili ya futuhi ya Shakespeare kuhusu mila na masengenyo ya mji mdogo, iliyochezwa London mnamo Aprili 2012 na kundi dogo la waigizaji wa Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakivushi tu njama ya futuhi hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine, bali kinaipa jina la taasisi ambayo tamthiliya chanzi inaitegemea bila kuitaja: utani. Kwa kuchambua jina la tamthiliya, dhima ya mshenga, suala la mahari, vichekesho vya lafudhi na ishara ya pembe, makala yanaonesha mahali ambapo tafsiri inanufaika na mahali inapopoteza. Aidha, yanadai kuwa uchache wa waigizaji, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa dalili ya ufukara wa kundi, unaafikiana na maana ya futuhi yenyewe. Mwisho, yanatoa tahadhari kuhusu tukio la kupigwa kwa bikizee anayedhaniwa kuwa mchawi, ambapo kicheko cha Winsa kinagongana na uhalisia mchungu wa jamii zetu.

Istilahi muhimu: futuhi, utani, tafsiri ya jukwaani, lafudhi, Shakespeare katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya Shakespeare katika Kiswahili huelezwa kwa kawaida kama historia ya vitabu. Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya kwanza mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Tafsiri hizo zilizaliwa katika muongo wa ujenzi wa taifa, na zilibeba dhima ya kuthibitisha kwamba Kiswahili kinamudu fikra nzito. Hata Mabepari wa Venisi, ambayo kwa asili yake ni futuhi, iliingia katika mjadala wetu kupitia neno moja la kisiasa lililomo kwenye jina lake. Kicheko chake kilibaki nyuma.

Tukio la Aprili 2012 lilikuwa la aina nyingine. Katika tamasha la Globe to Globe, lililokusanya tamthiliya 37 za Shakespeare kwa lugha 37 katika ukumbi wa Shakespeare's Globe, London, Kiswahili hakikupewa Kaizari wala Makbeth. Kilipewa The Merry Wives of Windsor, futuhi ya masengenyo, wivu, posa na kapu la nguo chafu. Tafsiri ilikuwa ya Joshua Ogutu; onyesho liliongozwa na Daniel Goldman na Sarah Norman kwa ushirikiano wa kundi la Bitter Pill la London na The Theatre Company la Nairobi. Mrisho Mpoto, mghani na mshairi wa Tanzania, aliigiza nafasi ya Falstaff.

Makala haya hayasimulii onyesho hilo tukio kwa tukio. Yanauliza swali finyu zaidi: futuhi inayohusu mila za mji mdogo wa Uingereza inakuwa nini inapotamkwa kwa Kiswahili na kundi dogo lisilo na mali? Swali hili lina uzito kwa sababu uhakiki wetu wa tamthiliya umeegemea mno tanzia na tamthiliya za kisiasa. Kichekesho kimeachiwa redio, runinga na tafrija za shule. Ikiwa hatuna istilahi za kukihakiki kicheko, hatutaona kile ambacho lugha yetu inakifanya vizuri kuliko lugha nyingi.

2.0 Jina: kati ya uchangamfu na heri

Jina la onyesho linastahili kuanza kuhakikiwa, kwa kuwa ndilo tamko la kwanza la mfasiri. Kiingereza kinawataja wake, yaani wanawake walioolewa, na kinawaita kwa kivumishi chenye maana ya uchangamfu, ucheshi na hata wepesi wa kujifurahisha. Mfasiri angeweza kusema Wake Wachangamfu wa Winsa au Wake Wacheshi wa Winsa. Badala yake tumepewa wanawake, na tumepewa heri.

Badiliko la kwanza linaonekana dogo, lakini halikosi athari. Mke huwa ni mke wa mtu; nomino hiyo hudai mmiliki, na sarufi ya kawaida humtaja mara moja: mke wa Ford, mke wa Page. Mwanamke hujisimamia. Kwa kuwa fitina nzima ya tamthiliya inaanza pale Falstaff anapodhani kwamba kumpata mke ni njia ya kuufikia mkoba wa mume, jina linalomwondoa mume mlangoni linakuwa limekwisha kumjibu Falstaff kabla pazia halijafunguliwa.

Badiliko la pili ni zito zaidi. Katika tendo la nne, Bi Page anajitetea kwamba wake wanaweza kuwa wachangamfu na bado wakawa waaminifu. Hiyo ndiyo hoja ya tamthiliya: mji unadhani kwamba mwanamke anayecheka sana ana lake jambo, na wanawake wawili wanaazimia kuthibitisha kinyume. Mvutano upo kati ya sifa mbili, uchangamfu na uadilifu. Neno heri linaziunganisha sifa hizo na kuzifanya moja. Tunaposema kila la heri, au tunapowaombea maharusi ndoa yenye heri, tunataja furaha ambayo imekwisha kupata kibali cha maadili. Kwa hiyo kile kilichopaswa kuthibitishwa mwishoni kimewekwa kama msingi mwanzoni.

Je, hii ni hasara? Kwa upande mmoja, ndiyo. Hadhira inayoambiwa kwamba wanawake hawa ni wa heri haina sababu ya kumwelewa Ford, mume mwenye wivu, kama mtu mwenye shaka inayowezekana. Anakuwa mjinga tangu sentensi yake ya kwanza. Kwa upande mwingine, heri katika Kiswahili huvuta kinyume chake, yaani shari, na wanawake hawa wanatenda shari tele: wanamtia mtu ndani ya kapu, wanamtupa mtoni, wanampigisha, wanamchoma kwa mishumaa. Jina linatulazimisha kuuliza ni shari ya namna gani inayoweza kuhesabiwa kuwa heri. Swali hilo halimo katika jina la Kiingereza.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atasikia pia mwangwi mwingine. Tangu Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, heri ya mwanamke aliyeolewa imefungamanishwa na radhi ya mume. Katika Winsa, waume hawashauriwi. Page anamwamini mkewe bila kuulizwa, Ford hamwamini hata akiapiwa, na wanawake wanaendelea na mpango wao bila kujali hali zote mbili. Heri yao haitokani na radhi ya mtu. Inatokana na akili zao, na inathibitishwa na kicheko cha hadharani. Ninaona kwamba hapa uteuzi wa mfasiri, hata kama ulilenga ulinganifu wa sauti tu, umeipa futuhi mzozo wa ndani ambao ni wa Kiswahili hasa.

3.0 Mila za mji: mgeni, mshenga na mtani

Winsa ni mji wenye taratibu. Kuna kasri karibu, lakini watu tunaokutana nao ni wenye nyumba, mganga, mchungaji, mwenye hoteli na watoto wa shule. Wanajuana, wanaalikana chakula, wanajua binti gani ana urithi na nani anamtaka. Katikati yao anaingia Falstaff, mwenye cheo kikubwa na mfuko mtupu, ambaye mwanzoni kabisa analazimika kuwapunguza wafuasi wake kwa kuwa hana uwezo wa kuwalisha. Anaandika barua mbili za mapenzi zenye maneno yaleyale, akibadilisha jina tu, na kuzipeleka kwa wanawake wawili ambao ni marafiki. Hajui kwamba katika mji mdogo barua haikai siri hata mchana mmoja.

Watafiti wa historia ya maigizo nchini Tanzania, Penina Mlama na Amandina Lihamba miongoni mwao, wameonesha kwamba vichekesho vilivyokuzwa enzi za ukoloni vilimcheka zaidi mtu wa shamba aliyeshindwa na mambo ya mjini. Winsa inaupindua mwelekeo huo. Anayechekwa ni mtu wa ikulu aliyeshindwa na mambo ya mji mdogo. Elimu yake ya maneno matamu haimsaidii chochote mbele ya watu wanaojua nani anafua lini na kapu la nguo linapita njia ipi kwenda mtoni. Hadhira iliyolelewa na kichekesho cha mshamba ina nafasi ya kuona silaha ileile ikigeuzwa upande.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Falstaff ni mgeni aliyekataa jembe, na adhabu zake tatu zinafuata mantiki hiyo. Kwanza anatupwa mtoni pamoja na nguo chafu. Pili anavikwa mavazi ya bikizee na kupigwa. Tatu anaitwa msituni usiku, akiwa na pembe kichwani, ili mji mzima umzunguke. Adhabu zinapanda kutoka nyumbani hadi hadharani, na ya mwisho inahitaji watoto, wazazi na mchungaji kwa pamoja.

Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, alidai kwamba jamii hucheka ili kumrekebisha mtu aliyekakamaa. Maelezo hayo yanatosha kwa adhabu, lakini hayatoshi kwa mwisho wa tamthiliya. Baada ya kumdhalilisha Falstaff, Bi Page anawaalika wote nyumbani wakaote moto na kulicheka jambo hilo pamoja, na Falstaff yumo katika mwaliko. Bergson hana jina la hatua hii. Kiswahili kinalo: ni utani.

Utani una masharti yanayofahamika. Mtani hutukana na kutukanwa, huchukua kitu cha mwenzake bila ruhusa, na haruhusiwi kukasirika. Pamoja na dhihaka huja wajibu: mtani ndiye anayesimama wakati wa msiba, ndiye anayesaidia kuzika. Utani haufungi ndugu na majirani pekee. Uliwaunganisha pia watu waliokutana kama wageni katika njia za misafara ya biashara kati ya bara na pwani. Kwa maneno mengine, ni mojawapo ya njia ambazo jamii za Afrika Mashariki zilimgeuza mgeni kuwa mtu wa kwao. Nadai kwamba njama nzima ya futuhi hii ni safari ya Falstaff kutoka ugeni hadi utani. Uthibitisho ni kwamba dhihaka inarudi. Bwana na Bi Page, kila mmoja kwa siri, walikuwa wamepanga kumwoza binti yao Anne kwa mchumba wa chaguo lake. Anne anawapiga chenga wote wawili na kuolewa na Fenton. Falstaff anawacheka waliomcheka, na hakuna anayekasirika. Sharti la kucheka na kuchekwa limetimia.

Si kila mila inavuka kwa urahisi hivyo. Bi Quickly, anayewaahidi msaada wachumba watatu huku akipokea fedha, anaingia katika Kiswahili akiwa na jina tayari: mshenga. Hadhira inajua heshima ya dhima hiyo, na kwa hiyo inaona mara moja jinsi anavyoivunja, kwani mshenga wa wachumba watatu si mshenga wa mtu. Mahari, kinyume chake, ni mtego. Katika desturi ya Uingereza ya wakati huo mali ilitoka upande wa binti, na ndiyo maana Fenton anashukiwa kumfuata Anne kwa ajili ya fedha alizoachiwa na babu yake. Kwetu mali hutoka upande wa mwanamume. Mfasiri akilitumia neno mahari, tuhuma dhidi ya Fenton inapotea, maana mchumba maskini kwetu ni yule asiyeweza kulipa, hawi yule anayenyemelea. Neno urithi pekee ndilo linaloiokoa njama, japo linaipunguzia posa harufu ya mila.

4.0 Lafudhi na somo la sarufi

Futuhi hii imeandikwa karibu yote kwa nathari, nayo imejaa watu wanaoongea vibaya kwa mujibu wa masikio ya Winsa. Mchungaji Evans ni Mwelsh, daktari Caius ni Mfaransa, na kila mmoja anachekwa kwa matamshi yake. Mwenye hoteli anapowazuia wasipigane kwa panga, sababu anayotoa ni kwamba ni afadhali wabaki na viungo vyao na kuikatakata lugha ya Kiingereza badala yake.

Hadhira ya Afrika Mashariki haihitaji maelezo yoyote hapa. Kenya imecheka kwa miongo kadhaa pamoja na Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, ambaye Kiswahili chake chenye mkazo wa Kijaluo kilikuwa nusu ya uigizaji wake. Kichekesho cha lafudhi ndicho kichekesho chetu cha kitaifa, na hatari yake ni ya kitaifa pia: mpaka kati ya kumtania mtu na kulidharau kabila lake ni mwembamba, na historia ya karibuni ya Kenya haituruhusu kuupuuza. Tamthiliya chanzi inaujua mpaka huo. Evans, licha ya matamshi yake, anabaki ndani ya utani. Ndiye anayewafundisha watoto wimbo wa usiku wa mwisho, na Falstaff analalamika kwamba amefikia kufundishwa adabu na mtu asiyemudu hata kuitamka lugha. Caius anatoka jukwaani kwa hasira na haalikwi kwenye moto. Kwa hiyo si kila mgeni anapewa jembe, na mhakiki anayesifu ukarimu wa Winsa lazima amkumbuke huyu aliyeondoka.

Ugawaji wa nafasi katika onyesho la mwaka 2012 unaongeza safu nyingine ya maana. Falstaff, mgeni wa mji, alikuwa Mtanzania katika kundi lenye makao Nairobi. Katika fikra za kawaida za Afrika Mashariki, Kiswahili cha Tanzania huhesabiwa kuwa laini, chenye adabu na ufasaha, na Mpoto anajulikana hasa kwa ughani wake, sanaa ya kumshika msikilizaji kwa maneno. Katika tamthiliya chanzi aliye na lafudhi ya kigeni ndiye mjinga. Katika mgawanyo huu, mwenye Kiswahili kinachosifiwa ndiye tapeli. Ufasaha unakuwa kitu cha kushukiwa, kama unavyoshukiwa mara nyingi katika siasa zetu, na wenyeji wanaoongea kwa mkato ndio wanaomshinda. Huu ni usomaji unaopatikana kwa Kiswahili pekee. Hakuna Falstaff wa Kiingereza anayeweza kuutoa.

Mtihani mgumu zaidi kwa mfasiri ni onyesho la kwanza la tendo la nne, ambapo Evans anamsaili mtoto William sarufi ya Kilatini, huku Bi Quickly akisikia matusi katika kila kiambishi. Kilatini hakina nafasi hiyo katika utoto wa Mswahili. Njia mbili zinajitokeza. Ya kwanza ni kuligeuza somo kuwa la chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani. Njia hiyo ina mazingira sahihi ya kukariri bila kuelewa, lakini inagusa matini takatifu ambayo haifai kusikiwa matusi. Ya pili, ambayo naiona bora, ni somo la ngeli. Kila aliyepita shule ya msingi amewahi kusimamishwa darasani ataje umoja na wingi na kukwama. Upatanisho wa kisarufi ukikosewa kiambishi kimoja tu unaweza kumpa Bi Quickly kila anachokihitaji.

Njia ya tatu ni kuliacha kabisa, na ina hoja ya kihistoria. Chapa ya kwanza ya tamthiliya hii, ya mwaka 1602, ni fupi na haina somo la Kilatini. Somo hilo linaonekana katika mkusanyo wa mwaka 1623. Tangu mwanzo, basi, futuhi hii ilikuwepo kwa vipimo viwili. Kundi dogo linalokata halifanyi ufisadi dhidi ya matini kamili, bali linarudi kwenye kipimo kimojawapo cha asili.

5.0 Pembe na bikizee

Pembe za Falstaff ni ishara ngumu. Katika Ulaya ya Shakespeare, mume aliyesalitiwa alisemwa kuwa ameota pembe, na hofu ya Ford tangu mwanzo ni hofu ya pembe. Mwishoni zinapoonekana kichwani mwa Falstaff mwenyewe, aliyekusudia kuwavika wengine, dhihaka inakamilika. Kiswahili hakina uhusiano huo. Pembe kwetu ni chombo cha mganga. Ni siwa, inayopulizwa katika shughuli za heshima za Lamu na Pate. Na katika nahau, kuota mapembe ni kujawa na kiburi na kutoogopa mtu.

Nahau hiyo ya mwisho inafanya kazi isiyotarajiwa. Mtazamaji Mswahili anayemwona mtu mnene mwenye majigambo akisimama chini ya mwaloni na pembe kichwani haoni mume aliyesalitiwa. Anaona sitiari aliyoisikia tangu utotoni ikigeuzwa kuwa kitu cha kushikika: huyu bwana ameota mapembe, na leo yatakatwa. Uzito wa tukio unahama kutoka wivu wa Ford hadi kiburi cha Falstaff. Kinachopotea ni ulinganifu kati ya wanaume hao wawili, ambao katika Kiingereza wanaunganishwa na taswira moja. Kinachopatikana ni uwazi wa kimaadili unaoafikiana na utani, kwani utani hushughulika hasa na mtu aliyejikweza. Sioni haja ya kuweka maelezo ya kumfundisha mtazamaji maana ya Ulaya. Nahau iliyo hai inashinda tanbihi.

Hali ni tofauti kabisa kwa adhabu ya pili. Ford anaporudi nyumbani ghafla, wanawake wanamvika Falstaff mavazi ya bikizee wa Brentford, ambaye Ford amempiga marufuku nyumbani kwake kwa madai kwamba ni mchawi. Ford anampiga akimtoa nje, na hadhira inacheka kwa sababu inajua aliye ndani ya mavazi hayo. Katika tamthiliya chanzi bikizee halisi hatokei kamwe. Ni jina tu, na vazi.

Kwetu si jina tu. Katika Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya wekundu wa macho uliotokana na moshi wa jikoni. Katika eneo la Kisii, mwaka 2008, wazee waliodhaniwa kuwa wachawi walichomwa moto na majirani zao. Pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo, mara nyingine nyuma yake kukiwa na mgogoro wa ardhi. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa miji midogo na vijiji, watu wanaojuana, wanaoalikana chakula. Kicheko cha tukio hili kinadai tuamini kwamba kumpiga bikizee ni kosa la utambulisho, yaani Ford amempiga mtu asiye bikizee. Hakitudai tuulize kama ingekuwa halali kumpiga bikizee mwenyewe.

Sidai kwamba tukio likatwe. Kulikata ni kuisafisha mila ya mji mdogo ili ibaki ya kupendeza. Nadai kwamba hapa ndipo utani unapofikia kikomo chake, na kwamba mwongozaji wa Kiswahili ana wajibu wa kuonesha kikomo hicho. Utani huhitaji pande mbili zinazoweza kujibizana. Bikizee wa Brentford hana nafasi ya kujibu. Hayupo hata jukwaani. Kimya kifupi baada ya kipigo, kabla wanawake hawajacheka, kinatosha. Mji uleule unaojua kumfanya mgeni mtani unajua pia kumfanya jirani mchawi, na nguvu inayotumika ni moja: watu wengi kukubaliana kuhusu mtu mmoja.

6.0 Uchache kama mbinu

Vikundi vidogo vya maigizo katika miji yetu huishi kwa njia chache zinazofahamika. Huigiza vitabu vya kutahiniwa mbele ya wanafunzi. Hupokea fedha za wafadhili ili kupeleka ujumbe wa afya au wa uchaguzi. Hukodi ukumbi na kuomba watu waje. Nchini Tanzania, msaada wa moja kwa moja wa dola kwa vikundi vya taifa ulikoma, na mkazo ukahamia kwenye mafunzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Katika uchumi huo, futuhi isiyo na ujumbe wa kampeni wala nafasi katika silabasi haina mlipaji. Si ajabu kwamba mlango mmojawapo wa kuchezwa kwake ulifunguliwa London.

Kundi la namna hiyo haliwezi kuwa na mwigizaji mmoja kwa kila nafasi. Tamthiliya ina wahusika zaidi ya ishirini. Mwigizaji hubadilisha kofia, kanga au mwendo na kuwa mtu mwingine. Mhakiki anaweza kuliona jambo hili kama upungufu unaovumiliwa. Katika futuhi hii ni zaidi ya hapo, kwa sababu watu wa Winsa nao wanafanya vivyo hivyo. Ford anajifanya Brook, Falstaff anakuwa bikizee, watoto wanakuwa mapepo, wavulana wanavikwa nguo za maharusi. Mji mdogo wenyewe ni kundi la maigizo lenye watu wachache na nafasi nyingi: jirani ni shahidi leo, kesho ni mshenga, keshokutwa ni hakimu. Mtazamaji anayemwona mwigizaji yuleyule katika nafasi tatu anaona muundo wa mji ukiwa uchi.

Kuna pia mlingano ambao maandishi pekee hayawezi kuuonesha. Falstaff anaingia akiwa kiongozi wa kikundi kilichofilisika, anayewaachisha kazi watu wake na kutafuta mfadhili mwenye nyumba nzuri. Kundi linaloishi kwa ufadhili linapomcheka Falstaff linajicheka lenyewe, na hilo ndilo sharti la kwanza la mtani mwema.

Kuhusu hadhira, tamasha liliamua kutotafsiri mazungumzo. Muhtasari mfupi wa kila onyesho ndio uliooneshwa kwa Kiingereza. Uamuzi huo uligeuza ugeni na uenyeji. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyesimama katika uwanja wa Globe alikuwa mwenyeji, anayeshika dhihaka inapotamkwa. Mwenye ukumbi, na mwenye Shakespeare, alikuwa mgeni anayetazama nyuso za wengine ili ajue wakati wa kucheka. Kwa muda wa saa chache, aliyepewa jembe alikuwa yeye.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Wanawake wa Heri wa Winsa ni zaidi ya ushahidi kwamba Shakespeare anaweza kusemwa kwa Kiswahili. Jambo hilo lilithibitishwa katika miaka ya 1960. Neno heri limeugeuza utetezi wa Bi Page kuwa jina, na likazua swali jipya kuhusu shari. Pembe zimehama kutoka wivu hadi kiburi. Lafudhi imempa tapeli ufasaha. Utani umelipa jina tendo la mwisho ambalo nadharia ya kicheko cha kurekebisha haikulifikia. Mahari na bikizee, kwa upande mwingine, vinatukumbusha kwamba mila mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa fedha na kwa damu.

Kwa uhakiki wetu, kuna madai mawili ya kufanyia kazi. La kwanza ni kukihakiki kichekesho kwa istilahi za jamii inayocheka, tukianza na utani, badala ya kukipima kwa tanzia na kukikuta chepesi. La pili ni kuyachukulia maonyesho ya vikundi vidogo kama matini zenye mantiki, pamoja na mikato yake na nafasi zinazorudiwa. Tukisubiri kila kichekesho kifike katika silabasi ndipo tukisome, tutakuwa tumemsubiri mtani hadi siku ya mazishi.